Mawenzi na Moto wa Kuomba

Mjukuu wangu ana jina la bibi yake mzaa baba. Ndiyo desturi yetu sisi Wachaga, na kwa wakwe zetu Wakikuyu ni hivyo hivyo: binti wa kwanza ni wa upande wa baba, wa pili ndiye wa kwetu. Wa pili hakuja. Sina neno. Lakini mimi ndiye niliyetoka Rombo kuja Karama, huku nchi ya Waarabu, kumlea tangu mchanga. Huyo mwenye jina lake alikuja kwa viza ya matembezi tu, na mtoto akamganda kama kupe.

Siku moja shule ilimtaka achore mlima wa kwao. Nikasema, hapa sasa ndipo pangu. Natoka jikoni, namkuta ameshakaa miguuni kwa bibi mwenzangu, anachora Kirinyaga, mlima wa Wakikuyu.

"Mlima mkubwa ni wetu," nikasema.

"Mkubwa ndiyo, mkwe. Lakini hata hilo neno Kilimanjaro mnabishania maana yake."

"Na nyinyi vilele vyenu mmeviita majina ya Wamaasai!"

"Si sisi. Ni Mzungu." Akacheka, na mtoto akacheka kwa kuwa yeye amecheka.

Nikajidai mguu unauma. "Njoo unikande." Mtoto akaja. Huku ananikanda nikamweleza: Kibo ni kile cheupe cha mviringo, jina lake ni madoadoa, maana mawe meusi huchungulia kwenye theluji. Mawenzi ni kile kilichovunjikavunjika, na kwetu Rombo ndicho kinachosimama mbele. Mawenzi alikwenda kwa Kibo kuomba moto, akapewa na ndizi juu yake. Akaona tamu. Akauzima moto makusudi, akarudi, akapewa tena. Aliporudi mara nyingine Kibo akamtwanga kwa mchi, ndiyo maana yuko vile.

"Khalas, basi, Bibi, umepona?" Akarudi kule kule. Nikamwita tena, sasa ni mguu wa kushoto.

"Mkwe," mwenzangu akasema, "angalia usije ukapigwa mchi."

Kumbe alikuwa anasikiliza! Nikaingia jikoni kumenya ndizi ambazo hakuna aliyeziomba.

Mtoto akanifuata na karatasi mpya. Vilele viwili. Kwenye kile cha mviringo ameandika jina lake, yaani la yule. Kile kilichovunjika, cha mbele, hakina kitu.

"Bibi, hiki ni wewe. Jina lako nani?"

Miaka yote hiyo mimi ni Bibi tu. Mimi ninayeweza kukutajia kila kijito kinachoshuka upande wetu wa mlima! Kabla sijafungua kinywa, mwenzangu akalitaja kutoka sebuleni: la ubatizo, la nyumbani, na la baba yangu. Alilishika siku ya mahari. Mtoto akaandika yote, yakajaa mlima mzima.

Yamekaa vizuri. Ila mjukuu wangu jina langu amelisikia kwanza kwa kinywa cha yule, na hilo mpaka leo halijanishuka.