Nilimwita Lekchara Makaburi, Sasa Anafundisha Ukuta wa Ploti Yangu

Admin, funika jina langu vizuri, maana hapa Kawangware hata kuku wananijua. Mimi ni mzee wa miaka sabini na moja, na nimekaa chuo kikuu kuliko maprofesa wengi. Sheria nimepitia, uhasibu nimeparamia, takwimu ninazo kichwani. Haya, msianze kunipigia saluti, ni uongo. Shule niliacha darasa la sita na mwalimu akamshukuru Mungu. Chuo changu ni benchi lililo nje ya ploti yangu, nyuma ya stage ya matatu ya 56, ambapo wapangaji wangu, karibu wote wanafunzi, hukaa jioni wakiwasengenya malekchara.

Muhula ukianza ni vita. Nani anapeana A, nani anagawa retake kama peremende, darasa la nani unaweza kutoroka mpaka siku ya mtihani. Mimi, Guka wao, yaani babu, nasikiliza, kisha natoa hukumu. "Guka, huyu tumchukue?" Nawaambia, "Huyo? Huyo hata mama yake mzazi angefanya mtihani wake, angepata D." Wanacheka mpaka wanashika mbavu. Hao malekchara wenyewe sijawahi kuwaona hata kwa picha.

Mwaka jana kijana mmoja alikuja amevimba, ati mama fulani wa takwimu amemwangusha. Kijana mwenyewe alikuwa analala mpaka saa sita mchana, na mimi ndiye nilikuwa namgongea mlango, lakini siku hiyo ukweli haukuwa na utamu. Msichana wa chumba cha kona akatoa simu. "Guka, sema kitu nirekodi." Nikasema: "Darasa la huyo mama ni makaburi ya Lang'ata, watoto wangu. Ukiingia hutoki. Na tena anaongea peke yake, ukuta ndio unamjibu." Hiyo ya ukuta niliibuni pale pale. Sauti ikaingia kwenye magrupu yao yote. Sitawadanganya, nilijiona staa. Hadi vijana wa mtaa wa Satellite wakawa wananipungia mkono.

Sikujua kitu kimoja. Lekchara wa part-time, yaani wa kibarua, halipwi bure bure. Wanafunzi wasipojiandikisha vya kutosha, darasa lake linafutwa kabla hajafungua mdomo, na yeye anaenda nyumbani.

Muhula uliofuata akaja mama mmoja kutafuta chumba. Mpole, viatu vimepigwa rangi vizuri. "Nilikuwa naishi Nyayo Highrise, mzee, lakini kodi ya huko imenishinda. Nafundisha takwimu chuoni. Muhula huu darasa langu halikufunguliwa." Nikajua ni yeye. Nikampa chumba kinachopakana na changu. Labda ni huruma, labda nilikuwa kama mtu anayerudi kuangalia nyumba aliyoichoma.

Sasa sikieni. Jumanne ya kwanza, alasiri, jua bado kali, nikasikia kupitia mabati: "Habari zenu. Tulikomea wapi?" Nikadhani ana wageni. Nikapita dirishani kwake, pazia liko wazi. Amevaa koti lake la kazi, amesimama wima, uso kwa ukuta. Hakuna mtu. "Ukionja punje moja ya hindi ngumu," anasema, "usiseme githeri yote haijaiva. Koroga sufuria kwanza. Onja ya juu, onja ya chini. Kuna swali?" Kisha akanyamaza, akangoja. Akatingisha kichwa kama mtu aliyeulizwa jambo la maana, akaendelea.

Nilirudi chumbani kwangu nikakaa kitandani na viatu. Maneno niliyoyabuni kwa mdomo wangu yamehamia ploti yangu. Na tena nilielewa! Mimi wa darasa la sita, nilielewa hesabu zake kupitia mabati.

Sasa ni kila Jumanne. Nikifungua redio, inashindwa kumfunika. Wakati anapoongea siogopi sana. Ni ule wakati anapongoja ndio unanila. Nilikimbilia Kibera kwa rafiki yangu, seremala Mnubi, nikamweleza yote. Akaweka randa chini. "Ndugu yangu, wewe ukifa mdomo wako utazikwa siku yake." Siku nyingine ningecheka. Lakini alipozima mashine yake ya mbao, nikajikuta nasikiliza ukuta, nikajua ni saa ya darasa.

Juzi tukichota maji kwenye mfereji wa ploti, huyo mama akaniambia, "Mzee, sauti yako nimewahi kuisikia mahali." Nikamwambia wazee wa huku wote tuna sauti moja, ni vumbi. Akacheka. Sijui alicheka nini. Akaniambia amepewa darasa kwa mara ya mwisho. Usajili unafungwa Ijumaa. Lisipojaa, anarudi kwao kulima na hatauliza tena.

Jioni hiyo nikawaambia watoto wa benchi, "Huyo mama wa takwimu mchukueni. Anafundisha vizuri." Wakalipuka kwa kicheko. "Guka umeanza! Ati vizuri!" "Buda, rudia, nilikuwa sijawasha simu!" Nikaapa. Wakazidi kuanguka. Hiyo nayo wameirekodi, inazunguka, na imejaa vicheko kuliko ile ya kwanza.

Nishaurini, wanangu. Nimgongee mama wa watu nimwambie yule mzee wa kwenye simu ni mimi, na huenda anajua tayari? Ama ninyamaze hadi Ijumaa ipite, nibaki nikisikiliza ukuta?

Na wewe msichana wa chumba cha kona, najua unasoma ukurasa huu, ndiwe ulinionyesha. Ulipougua taifodi nilikupikia uji mpaka ukasimama, ukaniambia, "Guka, siku yoyote niitishe chochote." Leo ndiyo naitisha. Jiandikishe kwa huyo mama, uwavute na wenzako. Usirekodi, usicheke. Jiandikishe tu.