Laini ya Pili Niliyoifunga Mwenyewe

Nimewahi kugombana na kampuni ya simu mara moja tu, na nikashinda. Ushindi wenyewe naujutia kila nikiamka.

Kaeni niwasimulie. Msinihukumu mapema, nihukumuni nikimaliza.

Mimi ni fundi cherehani. Nina chumba cha kushonea, mashine tatu, na mdomo ambao wateja wangu wote wanaujua. Kwa maneno sishindwi na mtu.

Mashine ya tatu ilikuwa ya mdogo wangu. Tunamwita Kidoti, sababu ana alama nyeusi juu ya mdomo tangu azaliwe. Miaka mitatu iliyopita aliunguza gauni la bibi harusi kwa pasi, kesho yake ndiyo harusi. Nilimtukana mbele ya wateja mpaka sauti ikanikauka.

"Toka! Na nisikuone tena!"

Akatoka. Hakurudi.

Tulipiga simu yake wiki mbili, imezimwa. Siku moja hasira zikanipanda, nikaifuta kabisa namba yake. Mama, ambaye naishi naye, kila tukikaa kula ana swali lake moja: "Hivi mwenzio yuko wapi?"

Nabadilisha mazungumzo. Ukweli nilikuwa namtaka arudi kuliko kitu chochote duniani, ila kiburi, jamani, kiburi hakikuniruhusu kusema.

Sasa tuje kwenye simu. Mwaka huu nilihamisha laini yangu kwenye mpango wa kulipa mwisho wa mwezi. Ankara ya kwanza ikaja. Nilianza kuisoma nimesimama, nikamalizia nimekaa. Ilikuwa mara mbili ya matumizi yangu!

Nikafunga kazi, huyoo, mpaka ofisini kwao.

Kaunta nilimkuta dada mmoja wa miwani, mpole mpaka anaudhi.

"Dada, kitambulisho chako kina laini mbili. Mfumo umeziunganisha kwenye ankara moja. Hilo ni kosa letu, tutalirekebisha."

"Laini mbili za nani? Mimi nina moja!"

Akanisomea hiyo namba ya pili, akaiandika kwenye ankara yangu. Sikuitambua. Nani siku hizi anakariri namba za watu?

Nikajua hapohapo ni wale mawakala wa barabarani. Unawapa kitambulisho wakusajilie laini moja, wao wanasajili na ya pili kimyakimya, wanamuuzia mtu mwingine. Yaani kuna tapeli anatembea na jina langu mjini!

"Ifunge."

"Naweza kuitenganisha tu na ankara yako, dada. Hii laini inatumika kila siku. Labda ni ya mtu wa familia?"

"Familia yangu naijua mimi au unaijua wewe? Simjui huyo mtu! Ifunge sasa hivi, la sivyo niitie bosi wako."

Foleni nzima ikageuka. Mzee mmoja akanipigia makofi: "Waambie, mama! Wametuzoea hawa!"

Kichwa kikavimba. Nikapandisha sauti zaidi.

Dada wa miwani akaniuliza mara ya mwisho kama nina uhakika. Nikabandika kidole gumba kwenye kile kimashine chao, laini ikafungwa. Ilikuwa Alhamisi. Nilirudi kazini nikamsimulia kila mteja aliyeingia, tukacheka mpaka machozi.

Jumapili mchana nikamkuta mama kwenye kiti chake. Simu iko mapajani, chakula hajakigusa.

"Mama, unaumwa?"

"Hajapiga."

"Nani hajapiga?"

Akasema, "Mwenzio. Kila Jumapili ukienda kununua vitambaa, ananipigia. Alinikataza nisikwambie. Hata mimi hataki kuniambia anakoishi. Anasema atarudi siku utakayomuulizia wewe mwenyewe. Unadhani kwa nini nakuuliza kila siku? Nangoja useme unamtaka."

Nikaichukua simu yake, nikaangalia waliompigia. Namba moja, Jumapili baada ya Jumapili. Nikatoa ile ankara kwenye pochi, nikalinganisha tarakimu kwa tarakimu. Ni ileile.

Ndipo nikakumbuka. Kidoti alikuwa na miaka kumi na sita, hana kitambulisho, analia anataka simu kama wenzake. Ni mimi niliyemsajilia ile laini kwa jina langu. Mimi mwenyewe, kwa kidole hikihiki!

Nilimweleza mama. Hakunigombeza. Aligeukia ukutani tu, na hilo lilinichoma kuliko matusi.

Jumatatu nilikuwa mlangoni kabla hawajafungua. Dada wa miwani aliponiona, akashusha macho.

"Nifungulie ile laini," nikamwambia. "Ni ya mdogo wangu."

"Alikuja," akasema.

"Nani alikuja?"

"Ijumaa. Binti mmoja ana alama hapa, juu ya mdomo. Alikuja kulalamika laini yake imekufa ghafla. Nikamwambia mwenye kitambulisho amekuja mwenyewe kuifunga."

"Akasemaje?"

Alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu.

"Aliniuliza, 'Alisema hanijui?' Nikamwambia ndiyo. Samahani, dada, lakini ndivyo ulivyosema."

Nilikaa sakafuni, mtu mzima mimi, mbele ya foleni. Nilipomuuliza alielekea wapi, akasema hakuangalia, kulikuwa na watu wengi.

Laini wameifungua siku ileile. Nikipiga, haipatikani. Nadhani ameitupa. Leo wiki ya sita, na mama hajapigiwa simu.

Nilichojifunza ni hiki: hasira ikikupanda, usitie kidole gumba popote, na ukiulizwa mara ya pili kama una uhakika, jiulize na wewe. Na kama kuna mtu uliyemkosea, mtafute leo hii, usingoje yeye aanze. Mimi nilikuwa na miaka mitatu mizima ya kusema samahani, nikaimalizia kwenye kiburi.

Mnaosoma, naomba msambaze, labda itamfikia.

Kidoti, sikujua ni wewe. Naapa sikujua. Kama hutaki kuisikia sauti yangu, ni haki yako, usinipigie mimi. Mpigie mama. Siku hizi Jumapili hatoki nje, anaogopa simu italia akiwa mbali.