Magnetroni ya Mjerumani

Kabla vita havijatufikia Uvira, mimi na kaka yangu Bahati tulikuwa tukitengeneza redio nyuma ya soko. Siku moja, maharage yakiwa jikoni, askari wawili walileta redio yao ya mawasiliano, imekufa. Bahati aliniachia mimi. Nilipenda kuchokonoa vitu kuliko kula.

Nikaipata hitilafu. Kwetu fundi hakabidhi kazi bila kuijaribu mbele ya mwenyewe, na maneno ya kujaribia yalikuwa tangazo la duka. Nikabonyeza nikasema, "Hapa kwa Bahati fundi, nyuma ya soko, karibuni."

Askari wakacheka, wakaenda zao. Mlimani kulikuwa na waasi wenye redio kama ile.

Nikatoka kuchota maji.

Bomu la kwanza likapiga soko.

La pili likapiga duka. Bahati alikuwa ndani.

Leo niko Jeppestown, mtaa wa mjini kusini mwa Afrika, natengeneza maikrowevu. Magnetroni, kidude kinachotoa mawimbi ya kupasha chakula, naijua kama kiganja changu. Juzi Mzee Gervais wa mtaa wa Observatory, Mrundi aliyestaafu ufundi wa rada, akaniletea moja nzito yenye maandishi ya Kijerumani. Alisema ilikuwa ya rada ya ndege za vita vya zamani. Nikasahau wateja. Ndani mlikuwa na shaba nene na vitundu vilivyopangwa duara, sawa na zangu, nami nikamsumbua kwa maswali. Akanieleza kuwa Wajerumani waliiga ya Waingereza, waliyoiokota kwenye ndege iliyoanguka. Kisha wakaunda mtambo wa kunasa mawimbi ya rada ya adui, marubani wakayafuata hadi kwenye ndege yenyewe.

Nikaiweka ile magnetroni mezani. Nikamsimulia habari za Bahati, ambazo hata mke wangu hakuzijua.

"Mzee, sauti ya sekunde chache inaweza kufuatwa mpaka mlangoni?"

"Eish, mwanangu, ni vigumu. Mtambo unataka muda."

Nikashusha pumzi.

"Lakini wewe ulitaja mahali," akasema taratibu. "Hawakuhitaji mtambo."

Akaongeza kwamba hakuna ajuaye kama kuna aliyesikiliza. Ni kweli, na iliniuma vilevile.

Jioni nikamweleza mke wangu. Hakunipa pole. Aliuliza Bahati alikuwa mtu wa namna gani. Nikajikuta nikianza tena na lile tangazo la duka. Miaka yote hiyo nilikuwa nikiikumbuka sauti yangu kuliko uso wake.