Bi Chiku na Nazi Yenye Macho

Ukitaka kumkera Bi Chiku wa kijiji cha Bweni, mwambie, "Ndivyo ilivyo tangu zamani." Ataiweka chini nazi anayoifua, atajifuta mikono kwenye kanga, kisha atakuuliza, "Nani kaona?" Hapo ujue asubuhi yako imekwenda.

Mimi ni jirani yake mwaka wa ishirini huu, na asubuhi zangu zimekwenda nyingi. Elimu yake ni darasa la saba, kazi yake kufua nazi, kuzitoa makumbi, kwenye mashamba ya watu, lakini ubishi wake ni wa chuo kikuu. Sisi wengine radi ikipiga tunafunika vioo vyote vya nyumba. Yeye masika moja alifunika kimoja na kingine akakiacha wazi, aone kama kweli kioo huvuta radi. Vioo vyote viwili vizima mpaka leo. Aliyehama chumba ni mumewe.

Mwaka jana ubishi huo ulimfika Mzee Hamoud, mwenye shamba la minazi nyuma ya nyumba zetu. Mzee Hamoud ni mtu mwema. Aliposikia chekechea ya Mwalimu Asmahani haina pa kukaa, aliwapa watoto kivuli shambani kwake, akawachimbia na mabenchi ardhini, wala hakutaka malipo. Bi Chiku alimpeleka mjukuu wake Sabra, akatazama juu, akaona benchi moja liko chini kabisa ya mnazi uliojaa nazi kavu. Akamwomba Mzee aite mkwezi aziangue.

"Zamu ya kuangua bado miezi miwili," alisema Mzee kwa upole. "Na hofu ya nini, Bi Chiku? Nazi ina macho, haimwangukii mtu. Shamba hili kalianza babu yangu, na hajaumia hata mmoja."

Maneno hayo tumelelewa nayo, na sifichi, nilikuwa upande wa Mzee. Nimepita chini ya minazi umri wangu wote na kichwa changu hiki hapa.

"Nani kayaona hayo macho?" aliuliza Bi Chiku, akamshika Sabra mkono wakarudi nyumbani. Lakini watoto kumi na tisa walibaki pale, na hao ndio waliomnyima raha.

Jumamosi, watoto wakiwa makwao, alijaza makumbi ya nazi kwenye gunia, akalivisha kanzu na kofia ya mumewe bila kumuuliza mwenyewe, akaliketisha kwenye benchi lile. Mzee Hamoud alipita kwa mbali akalitolea salamu, na akaudhika kidogo kwamba hakuitikiwa. Kila mwisho wa wiki gunia likawa linakaa pale. Jumapili ya tatu nazi ilishuka, ikaipiga kofia katikati na kulipasua gunia.

Bi Chiku akatuita: Mzee, Mwalimu Asmahani na mimi. Mzee alilizunguka gunia mara mbili.

"Imejua huyu si mtu," alisema.

"Imejuaje? Wewe mwenyewe ulimtolea salamu."

"Macho yangu mimi yamezeeka, Bi Chiku. Ya nazi bado."

Tulicheka, na mimi jibu hilo lilinitosha kabisa. Bi Chiku hakucheka.

"Ikianguka pembeni, imemwona mtu. Ikilipiga gunia, imejua ni gunia. Sasa niambie, Mzee, nazi ifanye nini ndipo ukubali kwamba haioni?"

Mzee alilizunguka gunia mara ya tatu. Mimi niliyecheka nikaona haya.

"Basi," alisema Bi Chiku. "Haitham mjukuu wako yumo humu chekechea. Kwa kuwa unaamini, kesho mwambie akae papo hapo lilipokaa gunia."

Mzee aliinua uso, akazitazama nazi zilizobaki juu.

"Unatazama nini, Mzee? Si zenyewe zinatazama?"

Aliyejibu ni Mwalimu Asmahani, tena taratibu, kama mtu anayeogopa kumkosea mkubwa.

"Babu, Haitham hapo ndipo anapokaa kila siku. Alipachagua mwenyewe, anasema pana kivuli kizuri."

Mzee Hamoud aliiokota kofia iliyopigwa na nazi, akaishika kwa mikono miwili. Akaniambia nimwite Abeid mkwezi, aje sasa hivi, mambo ya zamu ayaache. Nilikwenda mbio, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliuzunguka kila mnazi uliokuwa njiani.