Mama Furaha, Deni Zake na Kadi ya Familia

Ninyi vijana munaokopa kwa simu mbele ya kunawa uso, mutulie musome. Siku yangu ya kwanza katika kikundi chetu cha akiba, pale Misiera, kambini kwetu sisi wakimbizi, nilipewa ufunguo. Sanduku ya pesa ilikuwa na kufuli tatu, kila kufuli na mutu wake, ili hata mumoja asiifungue peke yake. Presidenti wetu, mama mukali, akanambia: "Kazi yako ni kudai. Machozi usiangalie. Angalia kama angali na vitu dukani."

Nilidai miaka mingi, mpaka Mama Furaha, mushonaji, akaelemewa. Alikopa kwetu, kwa muuza vitambaa wa Mbarara, na kwa jirani. Nikamupeleka Mbarara kwa avoka, mutu wa sheria.

"Korti inaweza kumtangaza mufilisi," avoka akasema. "Mali yake inashikwa, inauzwa, wenye kudai wanagawiwa. Deni inayobaki inaweza kufutwa."

"Na cherehani?"

"Vyombo vya kazi sheria inaweza kumwachia. Lakini kukopa tena itakuwa ngumu. Na korti ina gharama."

"Wewe unakula wapi hapo?"

Akacheka. "Mimi ninakula kwanza, mama."

Jibu hilo tu ndilo niliamini.

Kurudi, tukakuta bwana mumoja na mufuko wa ngozi anatungoja mulangoni kwa Mama Furaha. "Nitalipa bote banaokudai," akasema. "Mutabaki na deni moja, yangu. Munipe tu kadi ya familia niiweke."

Bila kadi hiyo hakuna posho. Mama Furaha alikuwa ameshafungua fundo la kitenge kuitoa.

"Akilipa mbele ya wakati, faida inapunguka?" nikauliza.

"Hapana, mama. Inabaki ile ile."

"Fungua mufuko tuone."

Akaukumbatia, lakini kadi za watu zilikuwa zinachungulia. "Toka hapa," nikamwambia, "mbele sijaita bamama ba kwaya!" Akatoka mbio.

Siku ya Mungu, nyuma ya ibada, tukakaa na wenye kudai. Muuza vitambaa wa Mbarara alikuwa kwa simu. Wakakubali Mama Furaha alipe kidogo kidogo, faida isipande. Alikula ugali na sombe ya majani ya muhogo tu muda murefu, lakini alimaliza, na cherehani ingali inalia. Mwenye hana kitu kabisa, korti ipo, aende. Lakini kwanza akae na wale wanaomudai.

Ufunguo nilisharudisha, magoti yamechoka. Juzi mujukuu wangu akasema kuna bwana mupya anaunganisha deni za watu, mutu muzuri sana. Nikaita nyumba yote: "Kadi ya familia inalala chini ya muto wangu. Mwenye kuitaka aniamushe, aseme ni ya nini."