Wakfu wa Popo

Nimeishi na watu wa kijiji hiki umri wangu wote, na bado sijazoea namna wanavyokipenda kitu mbele ya mgeni na kukiua mgeni akishatoka. Kitu chenyewe ni popo. Sisemi vipopo vinavyojificha darini. Nasema popo wetu wakubwa, wenye uso kama wa mbwa na manyoya mekundu shingoni, ambao mchana kutwa huning'inia mitini makaburini, na magharibi ikiingia huondoka kwenda kutafuta matunda. Walikuja wageni wa mradi wakatueleza kwamba popo hawa hawapatikani popote duniani ila Pemba. Wanaume wetu wakatikisa vichwa kukubali, wakanywa soda, wakavaa fulana zenye picha ya popo kifuani, wakachagua kamati ya kuwalinda. Mimi sikupewa fulana wala sikuiomba. Nilijiuliza tu ni akili gani hii, inayosubiri mtu avuke bahari ndipo ijue kilicho juu ya kaburi la babu yake.

Huku kwetu Wingwi makaburi ya ukoo ni msitu. Wazee hawakukata mti penye wafu, na kwa heshima hiyo, si kwa semina, popo walipata pa kulala. Mwishoni mwa makaburi yetu ilisimama misufi mitatu aliyoipanda baba yangu. Ardhi ile ni ya wafu. Hairithiwi wala haiuzwi. Lakini Pemba mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe, na mwenye hiki si lazima awe mwenye kile. Misufi ile baba alinipa mimi, mbele ya kaka zangu, ili nisikose sufi ya kujazia magodoro na mito nitakapoolewa. Kila aliyezaliwa katika ukoo huu alilijua hilo, au alipaswa kulijua.

Mwezi wa Shaaban ukifika, watu husafisha makaburi kabla ya kuingia Ramadhani. Shaaban moja, si ya zamani, mtoto wa kaka yangu, mwenye duka la saruji na nyumba ya ghorofa kule Jadida, alikuja na neno jipya. Alitaka kuzungusha ukuta makaburini kwa gharama yake, na kabla ya ukuta, miti mikubwa iondoke, kwa sababu popo wanawanyea marehemu. Alipita kwa sheha. Alipita kwa imamu. Alipita hata kwa hiyo kamati ya popo. Wote walikubali, maana ukuta ulikuwa wa bure, na saruji huwalevya watu wetu kuliko tembo. Katika kupita kote huko, kwangu hakupita. Aliomba idhini kwa kila mwenye cheo, akasahau kuuliza misufi ni ya nani.

Nilikuwa napeta mchele nilipousikia msumeno wa mashine. Niliweka ungo chini nikaenda kwa mwendo nilio nao, na mwendo huo haukutosha. Msufi mkubwa kuliko yote ulikuwa umekwisha lala juu ya makaburi. Popo walikuwa wanazunguka juani wakipiga kelele, mama wamewakumbatia watoto vifuani, na watoto wengine walikuwa wameanguka pamoja na matawi na wanatambaa majanini. Na watu walikuwa wamekusanyika. Wengine wana fimbo, wengine wana ndoo, na jirani yangu mmoja, mwanamke mtu mzima, ameleta polo zima, gunia la kutilia popo. Hao ndio wale wale ambao ukiwatajia nyama ya popo hutema mate na kusema ni haramu. Aliyeshika msumeno alikuwa amevaa fulana ya mradi.

"Zima hicho," nilimwambia.

"Bi Mkubwa, sogea, mti utakuangukia."

"Huo ulioanguka ni wangu. Huo unaotaka kuuangusha ni wangu vile vile. Nikiangukiwa na mali yangu, wewe yakuhusu n'ni?"

Alizima. Mtoto wa kaka yangu akaja anaruka makaburi kwa viatu vyake vinavyong'aa.

"Shikamoo shangazi. Mbona umejitesa na jua? Ungeniita, ningekuja nyumbani."

"Marahaba. Kumbe nyumbani kwangu wapajua? Nilidhani umepasahau."

"Shangazi, hii ni kazi ya kheri. Twawasitiri wazee wetu. Hawa popo wanawanajisi."

"Babu yako amelala hapa tangu wewe hujazaliwa. Amekulalamikia lini?"

Wenye ndoo walicheka. Walikuwa tayari kumcheka yeyote atakayeshindwa.

"Ardhi ni ya ukoo," akasema.

"Ardhi ni ya waliomo ndani yake. Misufi ni yangu. Waulize hao."

Akawageukia. Yule jirani yangu akashusha polo lake. "Kweli, ni yake," alisema. "Mie mwenyewe nimelalia mito ya msufi huo. Nilidhani kakupa ruhusa."

Basi yule bwana akalainisha sauti. "Niuzie, shangazi."

"Siuzi."

"Haya. Mie nitangoja. Wewe ukishatangulia mbele ya haki, watoto wako wataniuzia."

Alisema kwa kicheko, na watu wakacheka naye. Nilimdharau kwa mengi siku ile, lakini si kwa neno hilo, kwa sababu alisema kweli. Wanangu nawajua. Wangeiuza misufi kabla matanga hayajaondoka.

Ijumaa iliyofuata nilisimama mlangoni pa msikiti mpaka watu waliposali wakatoka, nikamwita imamu mbele yao wote.

"Shehe, nataka kuitia wakfu misufi yangu miwili iliyobaki."

"Mashaallah, Bi Mkubwa! Wakfu wa msikiti au wa madrasa?"

"Wa popo."

Kijana mmoja akadakia kwa nyuma, "Kwani popo ni Waislamu?"

"Sijawauliza. Wewe nimekuona na ndoo."

Imamu alikohoa, akasema jambo hili linahitaji kutazamwa vitabuni. Nilimuuliza kama alivitazama vitabu hivyo alipoombwa ruhusa ya kukata, na kikohozi kikamwisha. Alikiri kwamba kumpa kiumbe hai pa kulala kuna thawabu. Akanifuatisha maneno, nami nikayasema yote: kwamba tangu saa ile miti ile si yangu, haiuzwi, hairithiwi, haikatwi, na popo ndio wakaaji wake maadamu imesimama. Mtoto wa kaka yangu alikuwapo. Watu walipoitikia amin, naye aliitikia, maana macho yote yalikuwa kwake.

Popo wamerudi, lakini si wote. Ukuta haukujengwa, ukarimu wa yule bwana ulikwisha siku ile ile. Kamati ingali hai. Wageni wakija huongozwa mpaka chini ya misufi miwili, na mwenye fulana huwaeleza kwa fahari jinsi kijiji kilivyoihifadhi. Mbele ya kisiki cha msufi wa tatu husimama yeye mwenyewe, wageni wasikione. Mimi hupita na ndoo yangu ya maji, sisemi neno. Wakijisifu mbele ya watu, angalau wataona haya kukata.

Wanangu walikuja kunilalamikia kwamba nimewanyima urithi wao. Niliwajibu kwamba ndivyo, nimewanyima, na sababu wanaijua. Nawe mjukuu wangu unayeniandikia maneno haya, usininyanyulie macho. Andika kwamba hata wewe humo huna chako.