Chapati ya Kwanza ni ya Aliyeambiwa

Nyumbani kwetu chapati zilipikwa siku zisizo na maana kwa mtu mwingine yeyote. Watu wengine Eldoret hupika chapati wakati wa Krismasi, au mgeni akija kutoka mbali, au mtoto akirudi kutoka shule ya bweni. Sisi tulizipika Jumanne jioni, mvua ikinyesha, kwa sababu binti yetu ametikisa kichwa kukataa uji. Harufu ikishavuka ua, hakukosa mtu wa kupita na kuchungulia langoni.

"Mwalimu, kwani leo mko na wageni?"

"Wageni gani? Mtoto amekataa uji."

Wengine walicheka wakidhani natania. Wengine walinipa pole kwa sauti ya chini na kuharakisha kwenda zao. Sikujali. Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza, na nimezoea kumpigia makofi mtu aliyeandika herufi moja peke yake, tena ameigeuza nyuma mbele. Mtu akiniambia kwamba jambo fulani ni dogo mno kusherehekewa, mimi humwuliza kama amewahi kulingojea miaka mitano.

Binti yangu alikuwa na miaka minne na hakuwa amesema neno hata moja. Akitaka chai, alinishika kifundo cha mkono na kuurusha mkono wangu upande wa chupa. Hakuniangalia usoni. Mkono wangu ulikuwa chombo chake, na mimi nilikuwa kitu kilichofuata mkono. Hata hivyo nilimwelewa. Nilijua mlio wa njaa na mlio wa usingizi, nilijua kwamba akitembea kwa ncha za vidole kuna sauti inayomuumiza masikio. Baba yake akiniuliza, "Sasa anataka nini?" nilijibu kama mtu anayemsomea gazeti.

Halafu ukaja uchaguzi wa mwaka 2007, na baada yake moto: vijana walichoma nyumba za watu waliohesabiwa kuwa wageni.

Wazazi wangu walikuja huku kutoka mkoa wa Kati kabla sijazaliwa, wakalima viazi karibu na Timboroa. Mimi na mume wangu tulijenga nyumba ya vyumba vitatu pembeni mwa mji, na jirani yetu wa karibu alikuwa mama mmoja mwenyeji wa hapa, mjane mwenye ng'ombe watatu. Alituuzia maziwa miaka mingi. Asubuhi tuliyotoroka, moshi ukiwa umeshaanza kupanda kutoka nyumba za chini, nilibisha lango lake nikiwa nimembeba binti yangu mgongoni. Niliona jikoni kwake kunafuka, kwa hiyo nilijua yumo. Nilibisha tena na tena. Lango halikufunguliwa, nasi tukaenda.

Tulikaa miezi mitano katika hema kwenye uwanja wa maonyesho. Nitasimulia mchana mmoja tu wa huko, kwa sababu ndio ulionifanya niwe mwanamke niliye sasa. Nilisimama kwenye foleni ya unga, nikageuka, mtoto hayupo. Nilimtafuta kwa saa nzima kati ya maelfu ya watu. Nilimkuta ameketi kando ya lori, na mwanamke mmoja nisiyemfahamu amechuchumaa mbele yake akimwuliza kwa Kiswahili, kisha kwa lugha mbili nyingine, "Mama yako ni nani? Unaitwa nani?" Binti yangu alikuwa akitazama gurudumu la lori likitoa matone ya matope. Hakuwa na neno wala ishara ya kumpa yule mwanamke.

Nilimshukuru mama wa watu, nikambeba mtoto, na hofu ikaingia ambayo haikutoka. Niliona wazi kwamba duniani kote kuna mtu mmoja tu anayemwelewa mtoto huyu, na mtu huyo ni mimi, naye anaweza kufa kesho. Nani atamsoma?

Tuliporudi, paa la chumba kimoja lilikuwa limeungua na ua wa miiba ya kayaba kati yetu na jirani ulikuwa na pengo ambapo moto ulipita. Kila mtu alikuwa na maelezo tayari kuhusu mtoto. "Alishtuka na vita," walisema kanisani, sokoni, hata mama mkwe. Nakiri kwamba kwa muda niliitikia. Mtoto aliyeshtushwa na vita huonewa huruma, lakini aliyezaliwa hivyo huulizwa mama yake alifanya nini. Kisha siku moja nikachoka, nikamwambia shemasi mbele ya watu kwamba mtoto wangu hakusema kabla ya vita na hasemi baada ya vita, na tafadhali asiwape wale vijana waliochoma nyumba sifa wasiyostahili.

Kwenye kliniki ya watoto mama mmoja mpole, mtaalamu wa pale, aliyekaa sakafuni na binti yangu muda mrefu bila kuniuliza swali, ndiye aliyetupa jina la jambo lenyewe: usonji. Alituambia tusikae tukingojea maneno tu. Mtoto akikutazama, amesema. Akisukuma sahani, amesema. "Na kila akisema, mfurahie aone," alituambia. "Lakini kuna siku moja ningependa mniambie ikifika. Siku atakayokuonyesha kitu ambacho hakitaki. Hataki umpe, hataki ukiondoe. Anataka tu na wewe ukione."

Nilitoka pale nikanunua unga wa ngano na mafuta.

Ndipo nilipotunga sheria ya nyumba. Binti yetu akipiga hatua, tunapika chapati siku hiyo hiyo, na chapati ya kwanza, ile ya moto inayotoka kwenye kikaango, ni ya yule aliyeambiwa. Ilikuwa sheria nzuri kwangu, kwa kuwa aliyeambiwa nilikuwa mimi kila wakati. Nilikula chapati ya kutikisa kichwa. Nilikula chapati ya kikombe, siku aliponiletea kikombe kitupu badala ya kuurusha mkono wangu. Nilikula ya kidole, aliponyoosha kidole chake mwenyewe kwenye ndizi juu ya kabati, nikampa ndizi tatu kwa furaha akatapika. Mume wangu alipata moja tu mwaka wa kwanza: mtoto alimletea viatu na kumwangushia miguuni, yaani twende nje. Aliila amesimama katikati ya jikoni, polepole, akinitazama, na mpaka leo huitaja.

Na yule jirani? Tulisalimiana. "Habari ya asubuhi, Mama." "Mzuri, Mwalimu." Hakuna zaidi. Maziwa nilinunua kwa mtu wa mbali, mabaya, yamechanganywa na maji, na nikayanywa kwa kiburi. Lakini binti yangu hakuwa na ugomvi na mtu. Asubuhi na jioni alipita kwenye pengo la kayaba kwenda kuangalia ng'ombe wakikamuliwa. Mara ya kwanza nilimfuata nikamvuta nyumbani, akalia mpaka akalala. Baada ya hapo nilisimama upande wangu nikimtazama, na yule mama aliendelea kukamua kama hatuoni.

Binti yangu alikuwa na miaka sita na kitu. Jumamosi moja asubuhi nilikuwa nafua nyuma ya nyumba, nikasikia lango letu likibishwa. Nilifungua nikamkuta jirani, ndoo ya maziwa mkononi, pumzi zikimwenda mbio, na binti yangu nyuma yake akicheza na pindo la leso yake. Mama huyo hakuwa amefika kwenye lango langu tangu vita.

"Mwalimu, pole kukusumbua. Mtoto wako amenionyesha ndege."

"Ndege gani?"

"Hii nyeupe ya kukaa juu ya ng'ombe. Mimi nakamua, yeye anakuja, ananivuta nguo, ananyoosha kidole. Hivi."

Niliachia nguo iliyokuwa mkononi. Nilimhoji kama polisi. Alitaka kumshika yule ndege? Hapana. Alilia? Hapana. Alikutazama? "Aliniangalia macho, akaangalia ndege, akaniangalia tena. Nikasema, eee, nimeona. Akacheka. Kwani ni vibaya?"

Nilimwambia si vibaya. Nilimshukuru, nikafunga lango, nikaenda kukaa kwenye karai lililopinduliwa. Nililia machozi ya aina mbili na sitasema uongo kuhusu hata moja. Siku niliyoambiwa niingojee ilikuwa imefika. Mwanangu alikuwa ameona kitu kizuri akataka mtu mwingine akione. Na mtu aliyemchagua hakuwa mimi niliyembeba mgongoni hadi uwanja wa maonyesho. Alikuwa yule aliyetufungia lango.

Nilimsimulia mume wangu aliporudi. Alifurahi mpaka akampandisha mtoto mabegani, jambo ambalo mtoto hulipenda na mgongo wake haulipendi. Kisha akaniangalia.

"Basi chapati ya kwanza ni ya huyo mama."

"Nitampelekea kesho, zikibaki."

"Sheria ni sheria, Mwalimu. Uliitunga wewe."

Sijawahi kukanda unga kwa hasira kama siku ile. Niliupiga mpaka meza ikasogea, na huenda ndiyo sababu chapati zilitoka laini kuliko zote nilizowahi kupika. Niliweka nne kwenye sahani, ya kwanza juu, nikazifunika kwa kitambaa. Mtoto alipita kwenye pengo lake. Mimi nilizunguka barabarani, kwa sababu nilitaka kubisha lile lango.

Lilifunguliwa kabla sijabisha mara ya pili.

Nilieleza sheria yetu kwa maneno machache, nikajisikia mjinga kidogo. Yule mama alipokea sahani kwa mikono miwili. Alisimama nayo bila kufunua kitambaa.

"Mwalimu, siku ile niliwasikia mkibisha," alisema. "Niliogopa."

Nilikuwa nimetunga majibu ya maneno hayo kwa muda mrefu, mengine makali sana, mengine ya Biblia. Yote yalinitoka. Nilisema tu, "Hata mimi niliogopa, Mama. Kula ikiwa moto." Akala, amesimama hapo hapo langoni, na akasema ninapika vizuri. Nikamwambia najua.

Tulikwenda zizini. Binti yangu alikuwa tayari amesimama kando ya kigoda cha kukamulia, akingoja. Mama alikaa, akaanza kazi, na huku akikamua akavumisha wimbo mdomo ukiwa umefungwa, wimbo wa kwao nisioujua. Mara moja binti yangu akaweka kiganja kooni mwa yule mama.

"Hii ndiyo yake ya kila siku," yule mama alisema. "Na wewe anakushikanga hapa?"

"Ananishika. Akiwa na kiu."

"Kiu?"

"Ndiyo. Akinishika koo, nampa maji."

"Anakunywa?"

Nilifikiri. "Mara nyingi anayamwaga."

Yule mama aliacha chuchu za ng'ombe akacheka mpaka akajishika ubavu. "Mwalimu! Si kiu. Anataka uimbe. Mimi nikinyamaza, ananigusa tena. Huyu ananifanyisha kazi mpaka ng'ombe anaisha."

Nilisimama kwenye zizi lile nikihesabu vikombe vya maji kichwani, nikaona haya. Lakini haya haikukaa. Kwa miaka sita nilikuwa nimewaeleza watu mwanangu anasema nini: nilimweleza baba yake, bibi yake, kanisa, kliniki. Siku ile mtu mwingine alinieleza mimi. Mwanangu alikuwa na jambo lake, amelisema kwa mkono wake, na mtu asiye mama yake amelielewa vizuri kuliko mimi. Ile hofu niliyoibeba kutoka uwanja wa maonyesho ilishuka, na kifua changu kikajaa majivuno.

Basi nikapiga magoti pale pale, kwenye matope ya ng'ombe, na sketi yangu nzuri. Binti yangu alikuja. Aliweka kiganja kwenye koo langu. Sikukimbilia maji. Nilivumisha wimbo wa kanisani, kwa sauti yangu hii ambayo kiongozi wa kwaya aliiweka nyuma kabisa kabla ya kuniomba nisaidie kupanga viti.

Alisikiliza ubeti mmoja hivi, ametulia kabisa. Kisha aliondoa mkono wake, akarudi kwa yule mama, akauweka kwenye koo lake, na kugeuka kunitazama usoni ili ahakikishe nimeona.

Yule mama alicheka, akashindwa kuimba. Mimi nilikuwa nimekaa matopeni, mwanangu amenikosoa kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, na sijawahi kujivuna kama jioni ile.